MP3 za mfukoni zinaangushwa na programu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumzie vile vifaa vidogo vya kusikilizia ambavyo kila mtu huviita MP3: kioo cha upana wa vidole viwili, tundu la memori kadi, tundu la earphone na batani tano au sita. Hapa Dodoma vinauzwa kuanzia maduka ya Majengo na Sabasaba hadi kwenye minada ya vijijini. Wanaovitegemea ni wengi: mkulima wa zabibu Hombolo anayesikiliza mahubiri huku anapogoa, mfugaji wa Bahi, mlinzi wa usiku, mama anayefuatilia mawaidha, mwanafunzi wa chuo mwenye rekodi za mihadhara, mwanakwaya anayejifunza sauti yake. Kifaa hakili bando wala hakimalizi chaji ya simu. Ndiyo maana inatuuma kuona kifaa chenye betri nzuri na sauti safi kinatupwa kabatini kwa sababu ya programu iliyowekwa ndani yake kwa haraka.

Kikiharibika, lawama ya kwanza huenda kwa vumbi. Vumbi letu kweli linaingia kwenye tundu la earphone na kuleta mkwaruzo, au sauti inatoka sikio moja; hapo pamba kidogo na spiriti vinatosha. Lakini vumbi haliwezi kukifanya kifaa kisahau kilipoishia, kicheze wimbo wa 10 kabla ya wa 2, au kiseme wimbo wa dakika 4 una dakika 12. Hayo yote yanatoka kwenye programu. Ukikifungua utakuta betri ya lithiamu ya volti 3.7, chipu moja inayofanya karibu kazi zote, chipu ndogo ya kumbukumbu iliyobeba programu, kioo na batani. Mara nyingi vyote ni vizima.

Tuanze na kosa linalowaumiza zaidi wasikilizaji wa maneno, yaani mahubiri, mihadhara, mawaidha na vitabu vya sauti. Chukua rekodi ya saa 3. Msikilizaji amefika saa 1 na dakika 40, anasimamisha kidogo ili aongee na mtu. Baada ya dakika chache kifaa kinajizima ili kutunza chaji, jambo ambalo ni jema. Akikiwasha, kinaanza sifuri, tena wakati mwingine kwenye faili la kwanza la kadi nzima. Sasa inabidi ashikilie batani ya kusogeza mbele. Kwa kifaa kinachosogea sekunde 10 kwa kila sekunde ya kubonyeza, dakika 100 zinahitaji kidole kishikilie dakika 10 mfululizo. Kidole kikiteleza akabonyeza upya kwa kugusa, batani ileile inamaanisha "faili linalofuata", na kazi yote inaanza tena. Mzee wa miaka 70 atakiweka chini na hatakigusa tena.

Sababu yake ni ndogo mno. Kifaa kinajua kilipo muda wote, lakini namba hiyo inakaa kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika umeme ukikatika. Programu ilitakiwa kuiandika kwenye kumbukumbu ya kudumu. Namba ya faili ni baiti 4 (baiti ni kipimo kidogo cha data), mahali ulipofika ni baiti 4, jumla 8. Wapo wanaotetea kwamba kuandika mara kwa mara kunachakaza chipu. Tupige hesabu. Chipu za aina hii kwa kawaida huvumilia kufutwa mara 100,000 kwa kila kipande cha baiti 4,096. Ukiandika baiti 8 moja baada ya nyingine, kipande kinajaa baada ya kuandika mara 512, ndipo kinafutwa. Hiyo ni mara milioni 51 na ushei. Kifaa kikiandika kila dakika bila kuzimwa usiku na mchana, kitachukua zaidi ya miaka 90 kukichosha kipande hicho kimoja. Betri itakuwa imeshakufa zamani. Hakuna kisingizio hapa. Aliyeandika programu hakumfikiria msikilizaji wa rekodi ndefu.

Kwa wenye vifaa hivyo tayari, dawa ni kukata rekodi vipande vya dakika 10. Tumieni mp3splt au mp3DirectCut, programu za bure zinazokata faili bila kulikandamiza upya, kwa hiyo sauti haipungui ubora. Vipeni vipande majina yanayoanza na 001, 002, 003. Msianze na 1, 2, 3, kwa sababu vifaa vingi hupanga herufi kwa herufi, na 10 itawekwa kabla ya 2. Kifaa kikisahau, msikilizaji anapoteza dakika 10 tu, na anahitaji kukumbuka namba moja.

Majina mazuri peke yake hayatoshi, kwani vifaa vingi vya bei nafuu havipangi majina kabisa. Vinacheza kwa mpangilio ambao mafaili yaliandikwa kwenye kadi, hata kama kioo kinaonyesha 001. Ukifuta sehemu ya 3 na kuiweka upya, inaweza kwenda mwisho wa foleni au kuingia kwenye nafasi ya faili lililofutwa, na mfululizo unavurugika. Hapa ndipo vibanda vya kuweka nyimbo vinapokosea: anayekuhudumia anachagua faili moja moja, anaongeza, anafuta, mteja anaondoka na kitabu chenye sura ya 7 mbele ya sura ya 2. Afanye hivi. Kwanza aandae folda kwenye kompyuta, majina yote yakiwa na namba. Kisha afomati kadi, baada ya kuhifadhi vilivyomo, halafu aiburute folda nzima kwa mkupuo mmoja. Kadi ikiwa tayari ina vitu vingi, programu iitwayo FatSort kwenye kompyuta za mfumo wa Linux hupanga upya orodha ya kadi bila kukopi chochote. Na asiichomoe kadi kabla ya kubonyeza amri ya kuitoa salama. Kompyuta huweza kuonyesha kwamba imemaliza kukopi wakati baadhi ya data bado zinasubiri kuandikwa, na kadi iliyochomolewa wakati huo hutoa mafaili yenye majina lakini yasiyo na sauti.

Kadi zenyewe zina mambo yake. Kadi za GB 4 hadi 32 hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa kuhifadhi mafaili uitwao FAT32. Zinazozidi GB 32 hutoka na exFAT. Programu nyingi za MP3 za bei ndogo zinaijua FAT32 tu, kwa hiyo mtu ananunua kadi ya GB 64 kwa fedha halali, anaichomeka, kioo kinaandika hakuna kadi. Anarudishiwa kadi nyingine, tatizo lilelile. Wala kadi si mbovu wala tundu. Mara nyingi kadi hiyohiyo inasomeka vizuri ikifomatiwa FAT32, ila dirisha la kawaida la kufomati kwenye Windows nyingi zilizoko mitaani halitoi chaguo hilo kwa kadi inayozidi GB 32. Tumieni programu ya bure iitwayo guiformat, chagueni ukubwa wa kipande wa KB 32, na kazi inaisha kwa sekunde chache. Haihitaji kulipia "kufleshi", yaani kuwekewa programu upya.

Tutenganishe hilo na kadi feki, kwa sababu dalili zinafanana machoni pa mteja. Kadi feki imeandikwa GB 64 lakini ndani ina nafasi ndogo, na imedanganywa kuripoti nafasi kubwa. Nyimbo za mwanzo zinacheza, za baadaye zinakatika au kimya. Hapo kifaa hakina kosa. Kuihakikisha, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux huijaza kadi yote kisha kuisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Kwa kadi kubwa inachukua saa kadhaa. Tunawasihi wauzaji wafanye jambo hili kwa kadi chache katika kila mzigo mpya.

Sasa nyimbo zinazorukwa. Hili tunaliandikia kwa kirefu kwa sababu ndilo linalowafanya watu wadhani kifaa kina wazimu: wimbo unacheza kwenye simu, unacheza kwenye kompyuta, kwenye MP3 unaonekana sekunde moja na kupitwa. Kuna sababu mbili kubwa.

Ya kwanza, faili si la aina ya MP3 ingawa jina linaishia hivyo. Sauti zinazopakuliwa mtandaoni mara nyingi ni za aina ya M4A au WebM, na sauti zinazorekodiwa na kutumwa kwa WhatsApp ni Opus. Mtu anabadilisha jina la mwisho liwe .mp3 akidhani amegeuza faili. Amebadilisha jina tu. Simu ni erevu, inaangalia ndani na kucheza. MP3 ya mfukoni inaamini jina, inakuta isichokijua, inaruka. Fungua faili kwa VLC kwenye kompyuta, nenda kwenye taarifa za kodeki (njia iliyotumika kukandamiza sauti), utaona ni nini hasa. Kisha ligeuze kweli. Kwa maneno matupu, Audacity inatosha: geuza iwe mono, Hz 44,100, kiwango cha data kisichobadilika cha kilobiti 64 kwa sekunde. Saa moja itachukua takriban MB 29, na kadi ya GB 32 itabeba zaidi ya saa 1,000. Kwa muziki chukua kilobiti 128 au zaidi, stereo, karibu MB 1 kwa dakika.

Sababu ya pili ni picha ya albamu. Mwanzoni mwa faili la MP3 kuna lebo yenye jina la wimbo, mwimbaji na pengine picha. Lebo inaanza na baiti 10, na 4 kati ya hizo zinasema lebo ina ukubwa gani ili kifaa kiiruke na kufika kwenye sauti. Lakini baiti hizo 4 huandikwa kwa namna ya pekee: katika kila baiti, biti 7 tu ndizo zinazohesabiwa, si 8. Mwandishi wa programu asiyesoma maelezo hayo anazihesabu kwa kawaida. Lebo ya baiti 256 husomeka kwake kama 512, kosa dogo ambalo sikio halilisikii. Ila lebo yenye picha kubwa, ya MB 2, husomeka kama MB 16. Wimbo mzima una MB 6. Kifaa kinaruka MB 16 mbele, kinakuta faili limekwisha zamani, kinahamia wimbo unaofuata. Mteja anaona wimbo umekataa, na kumbe ni hesabu ya kuzidisha tu. Dawa: ifungue folda kwa programu ya Mp3tag, chagua nyimbo zote, ondoa picha, hifadhi. Inafanyika kwa nyimbo 500 kwa wakati mmoja.

Zile dakika 12 kwa wimbo wa dakika 4 zinatokana na faili ambalo kiwango chake cha data kwa sekunde kinapanda na kushuka. Programu mbovu inatazama kiwango cha kipande cha kwanza cha sauti, ambacho mara nyingi ni cha chini kwa sababu wimbo unaanza kimya, kisha inagawanya ukubwa wote wa faili kwa kiwango hicho. Idadi kamili ya vipande kwa kawaida imeandikwa palepale mwanzoni mwa faili; haikusomwa. Tumieni kiwango kisichobadilika na tatizo linaondoka.

Kuhusu betri tutasema kidogo. Kipimo cha chaji kinapima volti tu, na volti ya lithiamu hushuka taratibu sana katikati kisha kuporomoka mwishoni. Sauti ikifunguliwa kwa nguvu, hasa kwenye zile zenye spika, volti huzama kwa muda mfupi sana na programu isiyo na subira inazima kifaa wakati chaji bado ipo. Kabla ya kubadilisha betri, jaribuni kwa earphone na sauti ya wastani. Kikidumu saa nyingi, betri ni nzima.

Wapo watakaosema hii ni shida ya vitu vya bei rahisi. Hapana. Tarehe 31 Desemba 2008, vifaa vya kusikilizia muziki vya Zune 30 vya Microsoft viliganda duniani kote kwa siku moja. Mwaka ule ulikuwa na siku 366, na kipande cha programu ya saa kilichogeuza idadi ya siku kuwa mwaka kiliingia kwenye mzunguko usio na pa kutokea siku ile ya mwisho. Wenye navyo waliambiwa waache betri iishe, wasubiri hadi saa 6 mchana kwa saa za Greenwich tarehe 1 Januari 2009, yaani saa 9 alasiri kwetu, ndipo wachaji na kuwasha. Vilirudi kufanya kazi bila kubadilishwa skrubu hata moja. Na upande wa pili, tangu 2001 kuna programu ya bure iitwayo Rockbox, iliyoanzishwa na Waswidi waliochoshwa na programu ya kifaa cha kampuni ya Archos ya Ufaransa. Ikiwekwa kwenye iPod za zamani au Sansa Clip+, kifaa kilekile, betri ileile, kinaanza kukumbuka ulipoishia na kucheza aina nyingi zaidi za mafaili. Hakuna ushahidi bora kuliko huo kwamba kinachopungua ni maandishi ya ndani.

Hata hivyo tunawaonya vijana: msipakue faili la programu mtandaoni kwa kufananisha picha ya kava la nje la kifaa. Kava moja hubeba chipu tofauti kwa kila mzigo. Programu ya chipu nyingine ikiingia, kifaa hakiwaki tena, na bila faili lake sahihi fundi hana la kufanya. Fungueni kwanza, someni namba iliyochapwa juu ya chipu.

Kwa waagizaji wa mizigo, ombi letu linawezekana. Kwenye boksi andikeni kwa Kiswahili: kadi ya mwisho inayosomeka ni ya ukubwa gani na kwa mpangilio upi, aina za mafaili, idadi ya mafaili ambayo orodha inaweza kubeba, kama kinakumbuka mahali ulipoishia au hapana, namba ya toleo la programu, na toleo jipya linapatikana wapi. Mwombeni mtengenezaji aongeze menyu ya Kiswahili. Lugha yetu haina herufi hata moja isiyokuwemo tayari ndani ya kifaa, na maneno ya menyu nzima hayajazi karatasi moja. Anayeagiza mzigo mkubwa ana sauti kiwandani, na tunamtaka aitumie. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya maelezo yanayopotosha, kwa hiyo tunaiomba Tume ya Ushindani pamoja na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) waangalie pia kinachoandikwa kwenye maboksi haya. Boksi linalosema "inasoma kadi zote" linasema uongo.

Na wewe unayekwenda kununua, nenda na kadi yako. Weka rekodi moja ndefu kuliko saa 1, folda ya mafaili 12 yenye namba 001 hadi 012, wimbo wenye picha kubwa, na wimbo wa kiwango kinachobadilika. Dukani, cheza rekodi ndefu, sogeza hadi katikati, zima, washa, uone kinaanzia wapi. Kisha zima tena, washa, cheza faili jingine, na urudi kwenye rekodi ile; vifaa vingine hukumbuka faili la mwisho tu. Acha folda ijiendeshe kuanzia 001 huku ukiruka mbele, uone kama 002 inafuata na kama 010 inakuja baada ya 009. Angalia dakika za ule wimbo wa kiwango kinachobadilika. Dakika 5 zinatosha. Muuzaji akikataa usijaribu, usitoe hela.

Mafundi wa vifaa vya elektroniki,
Majengo, Dodoma